Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mawasiliano ya Kikemikali ya Bakteria na Matumizi Yake katika Uhandisi wa Kibayolojia

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa biolojia na kilimo, walimu, wahudumu wa afya na msomaji yeyote anayetaka kuelewa namna viumbe wa seli moja wanavyoweza kutenda jambo kwa pamoja, na namna wahandisi walivyoanza kuutumia uwezo huo. Maswali ya mwanzo yanawahusu bakteria wenyewe, na ni vyema yasirukwe, kwa sababu kila kifaa kitakachoelezwa baadaye kimeundwa kwa vipande vilivyochukuliwa kutoka kwao.

Bakteria huwasilianaje ilhali hawana masikio, macho wala mishipa ya fahamu?

Kila bakteria anayeshiriki hutengeneza molekuli ndogo na kuiachilia nje ya seli yake. Bakteria wakiwa wachache, molekuli hizo husambaa na kupotea katika maji yanayowazunguka. Wakiongezeka katika nafasi ileile, molekuli hujilimbikiza mpaka kufikia kiwango ambacho vipokezi vya seli huanza kuzinasa, na hapo jeni fulani, wakati mwingine mamia kwa mkupuo, huwashwa au huzimwa karibu kwa wakati mmoja katika jamii nzima. Utaratibu huu huitwa uhisi wa akidi, kwa kuwa unafanana na bunge lisiloweza kupitisha azimio kabla wajumbe waliomo ukumbini hawajafikia idadi iliyowekwa.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Bakteria hahesabu wenzake. Anachopima ni ukolezi wa molekuli, na ukolezi huo hautegemei idadi peke yake. Maji yanayotiririka huzisomba molekuli, ilhali nafasi iliyobana huzihifadhi, kiasi kwamba seli moja tu ya *Staphylococcus aureus* iliyofungiwa ndani ya kifuko cha seli ya binadamu inaweza kuiitikia ishara yake yenyewe. Mhandisi anayelisahau jambo hili hutengeneza saketi, yaani mpangilio wa jeni zinazowashana na kuzimana, inayofanya kazi vizuri katika chupa ya maabara na kushindwa kabisa katika bomba lenye maji yanayokwenda kasi.

Nani aliligundua jambo hili, na wapi?

Dalili za mwanzo zilionekana katika miaka ya 1960. Mwaka 1965 Alexander Tomasz alionyesha kwamba bakteria wa nimonia, *Streptococcus pneumoniae*, huachilia kitu kinachowafanya wenzao wawe tayari kupokea DNA kutoka nje. Hata hivyo, kisa kilichofungua uwanja mzima ni kile cha *Vibrio fischeri*, bakteria wa baharini anayetoa mwanga. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walieleza kwamba bakteria hao, wakipandwa katika mchuzi wa virutubisho, hukua kwanza gizani kwa saa kadhaa, kisha mwanga huzuka ghafla wingi wao unapofikia kiwango fulani. Na wakipewa mchuzi uliokwisha kukaliwa na bakteria wengi, huwaka mapema. Maana yake ni kwamba ndani ya mchuzi ule mlikuwa na kitu walichokiacha wenzao.

Molekuli yenyewe ilitambuliwa mwaka 1981, nayo ni ya kundi la homoserini laktoni. Miaka miwili baadaye JoAnne Engebrecht, Nealson na Michael Silverman walizitenga jeni zinazohusika, wakazihamishia katika *Escherichia coli*, na bakteria huyo wa utumbo, ambaye kwa asili hatoi mwanga wowote, akaanza kuwaka. Wengi huichukulia kazi ile kuwa ya biolojia ya bahari tu. Kwa maoni yangu ndipo uhandisi tunaouzungumzia hapa ulipoanzia, kwa sababu ilithibitisha kwamba mfumo mzima wa mawasiliano unaweza kung'olewa kwa kiumbe mmoja na kupachikwa kwa mwingine ukaendelea kufanya kazi. Jina la uhisi wa akidi lilikuja mwaka 1994, katika makala ya Clay Fuqua, Stephen Winans na Peter Greenberg.

Kwa nini bakteria wasubiri wawe wengi?

Kwa sababu kazi nyingine hazina faida zikifanywa na mmoja. Bakteria mmoja akimwaga kimeng'enya cha kusaga protini baharini, kimeng'enya hicho kitasombwa na maji kabla hakijamletea chochote. Bakteria bilioni moja wakikimwaga kwa pamoja katika kidonda, watapata chakula na wataweza kuushinda ulinzi wa mwili.

*Vibrio fischeri* huishi ndani ya kiungo maalumu cha ngisi mdogo wa Hawaii, *Euprymna scolopes*. Usiku ngisi huyo huutumia mwanga wa bakteria kukificha kivuli chake, ili samaki walio chini yake wasimwone dhidi ya mbalamwezi, naye huwalipa kwa kuwapa sukari na asidi za amino. Kunapopambazuka huwatoa nje takriban asilimia 95 ya bakteria hao; waliobaki huzaliana mchana kutwa, na jua linapozama wamekwisha kuwa wengi kiasi cha kuwaka tena. Ndani ya kiungo hicho wanaweza kufikia bilioni 10 kwa kila mililita, ilhali katika maji ya bahari wametawanyika mno kiasi kwamba akidi haitimii kamwe, na hawapotezi nishati kwa mwanga usio na kazi.

Je, ni kweli kwamba bahari karibu na Somalia iliwahi kung'aa usiku kwa sababu hii?

Bahari iling'aa, na picha za setilaiti zipo. Mwezi Januari 1995 meli ya biashara ya Uingereza iitwayo Lima ilipita kaskazini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, nje ya pwani ya Somalia, na mabaharia wake wakaandika kwamba walisafiri kwa saa kadhaa juu ya maji meupe kama maziwa. Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake walizichunguza picha za setilaiti za usiku ule na kuliona eneo linalong'aa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 15,400, lililodumu kwa usiku tatu mfululizo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba bakteria watoa mwanga, hasa *Vibrio harveyi*, huzaliana kwa wingi juu ya mabaki ya mwani mpaka akidi inatimia katika eneo kubwa la bahari. Sampuli zilizochukuliwa katika Bahari ya Arabia mwaka 1985, wakati wa tukio la aina hiyo, zilikuwa na bakteria hao wakiwa wameshikamana na mwani. Ni fursa adimu ya kuiona kwa macho kazi ambayo kwa kawaida hufanyika mahali pasipoonekana.

Bakteria wote hutumia ishara moja?

Hapana, na tofauti zao ndizo zilizowafaa wahandisi. Bakteria wengi wa kundi la Gramu hasi (bakteria hugawanywa kuwa Gramu hasi na Gramu chanya kwa namna ukuta wa seli yao unavyoshika rangi ya maabara) hutumia homoserini laktoni, ambazo zina kichwa kimoja cha aina ileile na mkia wa mafuta unaotofautiana kwa urefu. Mkia ndio unaoitambulisha spishi. Katika *Vibrio fischeri* protini iitwayo LuxI hutengeneza ishara na protini iitwayo LuxR huipokea, na jozi kama hiyo imepatikana katika spishi nyingi nyingine. Bakteria wa Gramu chanya, kama *Staphylococcus*, hutumia vipande vifupi vya protini viitwavyo peptidi, ambavyo hupokewa juu ya utando wa seli. *Xanthomonas campestris*, anayesababisha uozo mweusi wa kabichi na sukuma wiki, hutumia asidi ya mafuta.

Ipo pia ishara iitwayo AI-2, inayotengenezwa na spishi nyingi mno na ambayo imechunguzwa sana na Bonnie Bassler na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 2002 ilibainika kwamba ishara hiyo, inaponaswa na kipokezi cha *Vibrio harveyi*, huwa imebeba boroni, elementi ambayo ni nadra sana kuikuta ikiwa na kazi inayojulikana katika uhai. Kwa kuwa AI-2 husikika na spishi mbalimbali, wengi huamini kwamba inamwezesha bakteria kujua kama amezungukwa na jamaa zake au na wageni.

Mawasiliano haya yana uhusiano gani na magonjwa?

Uhusiano ni mkubwa. *Pseudomonas aeruginosa*, anayeshambulia majeraha ya moto na mapafu ya watu wenye maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki faibrosisi, ana mifumo miwili ya homoserini laktoni iliyopangwa kwa ngazi, wa kwanza ukiuamsha wa pili, pamoja na ishara ya tatu ya aina nyingine. Kwa njia hiyo huahirisha utoaji wa sumu na vimeng'enya vyake mpaka awe na jeshi la kutosha, na mifumo hiyo huchangia pia kukomaa kwa utando mzito wa bakteria unaoganda juu ya kidonda au mrija wa hospitali, ambao antibiotiki huupenya kwa shida.

Bakteria wa kipindupindu, *Vibrio cholerae*, hufanya kinyume, nami huwasihi wanafunzi walishike vizuri jambo hili kwa sababu linavunja dhana kwamba wingi daima humaanisha mashambulizi. Akiwa bado na wenzake wachache utumboni, bakteria huyu hutengeneza sumu na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Wanapokuwa wengi, ishara zao mbili, CAI-1 na AI-2, huamsha protini iitwayo HapR, ambayo huzima jeni za sumu na kuwafanya wajibandue, watoke kwa kuharisha, na kumtafuta mwenyeji mwingine. Kwa hiyo ishara ya akidi kwa bakteria wa kipindupindu ni amri ya kuacha shambulio na kuondoka.

Je, ishara hiyo inaweza kutumika kuzuia kipindupindu?

Kwa panya imewezekana. Mwaka 2010 Faping Duan na John March wa Chuo Kikuu cha Cornell walimchukua *E. coli* Nissle 1917, bakteria asiye na madhara ambaye kwa muda mrefu ametumika kama kinga ya tumbo, wakampa jeni ya kutengeneza CAI-1. Panya wachanga waliotangulizwa bakteria huyo saa 8 kabla ya kupewa *Vibrio cholerae* walinusurika kwa wingi kuliko wasiopewa. Vijidudu wa kipindupindu walipoingia utumboni walikuta ishara imekwisha kujaa, wakazima silaha zao kana kwamba ugonjwa ulikuwa umefika mwisho.

Mwaka 2018 kundi la James Collins nchini Marekani lilitumia bakteria wa maziwa yaliyoganda, *Lactococcus lactis*. Walimtengenezea kipokezi cha mseto, nusu ya nje ikiwa imetoka kwa bakteria wa kipindupindu na nusu ya ndani ikiwa yake mwenyewe, hivi kwamba akiihisi CAI-1 hutoa kimeng'enya kinachoweza kuonekana kwa badiliko la rangi katika kinyesi cha panya. Pia ilionekana kwamba *Lactococcus lactis* asiyebadilishwa chochote huwapunguza bakteria wa kipindupindu katika panya kwa asidi anayoitengeneza. Katika ukanda wetu, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara katika miji ya pwani na kandokando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika, utafiti wa aina hii unastahili kufuatiliwa kwa makini, bila kusahau kwamba kinachookoa maisha leo ni maji safi, vyoo, chanjo na maji yenye chumvi na sukari. Hakuna tiba ya bakteria aliyebadilishwa iliyofika katika wodi za kipindupindu.

Wahandisi wanapotumia mfumo huu, wanafanya nini hasa?

Huchukua vipande vitatu: jeni inayotengeneza ishara, jeni ya kipokezi, na swichi ya DNA ambayo kipokezi huiwasha kinapobeba ishara. Mbele ya swichi hiyo huweka jeni yoyote wanayotaka iwashwe. Kazi nyingi hufanywa ndani ya *E. coli* kwa sababu yeye mwenyewe hatengenezi homoserini laktoni, kwa hiyo ishara iliyopachikwa haigongani na ishara zake za asili, ingawa anayo protini moja inayoweza kuzinasa ishara za wengine. Vipande vya *lux*, yaani jeni za LuxI na LuxR pamoja na swichi yake, vya yule bakteria wa ngisi ndivyo vinavyotumika zaidi hadi leo.

Faida kubwa kuliko zote ni kwamba saketi hujiendesha. Katika njia za kawaida, mhandisi husubiri bakteria wakue kisha humwagia kemikali ya kuwaamsha, na kemikali hiyo ni ghali kwa tangi kubwa. Katika saketi ya akidi bakteria wenyewe ndio wanaojua muda umefika.

Mfano wa kwanza uliofanikiwa ulikuwa upi?

Mifano ni kadhaa, lakini mmoja unatugusa kwa karibu. Mwaka 2004 Lingchong You, Robert Sidney Cox, Ron Weiss na Frances Arnold, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2018, walitengeneza *E. coli* anayejidhibiti idadi: kadiri bakteria walivyoongezeka ndivyo ishara ilivyopanda, na ishara ilipopanda iliwasha jeni ya kuua, hivyo baadhi walikufa na idadi ikatulia chini ya uwezo wa mazingira. Shida ilikuwa kuifuatilia saketi hiyo kwa muda mrefu, maana katika chupa ya kawaida bakteria waliobadilika na kuikwepa jeni ya kuua hujitokeza na kuwashinda wengine.

Aliyelitatua tatizo hilo ni Mganda Frederick Balagaddé, aliyekuwa akisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya California. Alibuni kitalu cha bakteria katika kipande kidogo cha plastiki chenye mifereji myembamba, ambamo kila chumba hubeba nanolita 16 tu na husafishwa sehemu kwa sehemu ili bakteria wasigande ukutani. Kwa kuwa idadi ya bakteria ilikuwa ndogo sana, waliobadilika walichelewa kujitokeza, na saketi ikaweza kuangaliwa kwa mamia ya saa, seli moja baada ya nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Mwaka 2008 yeye na wenzake walionyesha mfumo wa makundi mawili ya *E. coli*, moja likiwa windo na jingine likiwa mwindaji, yanayozungumza kwa ishara mbili tofauti: ishara ya windo humpa mwindaji kinga dhidi ya kifo, na ishara ya mwindaji huamsha jeni ya kuua ndani ya windo. Baadaye Balagaddé alikwenda kufanya utafiti Durban, Afrika Kusini. Kazi yake inapaswa kufundishwa katika kila darasa la bayoteknolojia la Afrika Mashariki, kwa sababu saketi isiyoweza kupimwa haiwezi kuboreshwa.

Viwanda vinanufaikaje?

Hapa ndipo ninapoona tumaini la karibu zaidi, ingawa magazeti huandika kidogo sana kuhusu eneo hili. Bakteria anayelazimishwa kutengeneza bidhaa tangu dakika ya kwanza hukua polepole, kwani sukari ambayo angeijengea mwili wake inaelekezwa kwenye bidhaa. Akiachwa akue bila kikomo, sukari yote huishia kwenye mwili wake na bidhaa haipatikani. Kinachotakiwa ni akue kwanza, kisha abadilishe njia.

Mwaka 2017 Kristala Prather na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walitumia mfumo wa akidi wa *Pantoea stewartii*, bakteria wa ugonjwa wa mahindi, kuzima polepole kimeng'enya muhimu cha kuvunja sukari ndani ya *E. coli* mara wingi unapotosha. Uzalishaji wa mayo-inositoli uliongezeka mara 5.5, na asidi ya glukariki, ambayo awali haikupimika, ilifikia takriban gramu 0.8 kwa lita. Mbinu hiyohiyo iliwapatia shikimati, malighafi ya dawa moja ya mafua makali, kwa zaidi ya miligramu 100 kwa lita. Uzuri wake ni kwamba saketi haikutegemea bidhaa; ileile iliyofaa kwa moja ilirekebishwa kidogo ikafaa kwa nyingine.

Katika chakula mfumo wa akidi umekwisha kuzoeleka. *Lactococcus lactis* hutengeneza nisini, peptidi inayoua bakteria wengine na inayoruhusiwa kama kihifadhi cha chakula katika nchi nyingi. Nisini hiyohiyo ndiyo ishara yake ya akidi. Watafiti wa Uholanzi waliugeuza mfumo huo kuwa chombo cha kuzalisha protini, ambapo tone dogo la nisini hutosha kuiamsha jeni iliyopachikwa ndani ya bakteria salama kwa chakula.

Na matibabu ya saratani yanayosemwa sana?

Baadhi ya bakteria hupenda kuota ndani ya uvimbe wa saratani, ambako oksijeni ni kidogo na kinga ya mwili ni dhaifu. Mwaka 2010 Tal Danino, Jeff Hasty na wenzao huko San Diego walitengeneza *E. coli* wanaowaka na kuzimika kwa pamoja kwa mdundo wa saa, kwa kuoanisha ishara ya *lux* na kimeng'enya kinachoivunja ishara hiyo. Mwaka 2016 wazo hilo lilitumika kwa *Salmonella* aliyedhoofishwa: bakteria huongezeka ndani ya uvimbe, akidi ikitimia wengi hupasuka kwa pamoja na kumwaga dawa waliyoibeba, wachache hubaki, na mzunguko huanza tena. Kwa panya, mbinu hiyo pamoja na dawa za kawaida za saratani ilirefusha maisha kuliko kila moja ikitumika peke yake.

Kazi hii ni nzuri na inafaa kuheshimiwa, lakini mgonjwa asiahirishe tiba aliyoandikiwa kwa kuisubiri.

Je, tunaweza kuzima mawasiliano hayo badala ya kuwaua bakteria?

Njia ziko tatu: kuzuia utengenezaji wa ishara, kuziba kipokezi, au kuivunja ishara ikiwa njiani. Mwani mwekundu wa Australia, *Delisea pulchra*, hutumia njia ya pili. Kemikali zake ziitwazo furanoni huingilia vipokezi na kuwazuia bakteria wasigande juu ya majani yake. Kwa bahati mbaya furanoni hizo zina sumu kwa binadamu. Njia ya tatu ilipata nguvu mwaka 2000 na 2001, watafiti wa Singapore walipoipata jeni ya kimeng'enya kiitwacho AiiA katika *Bacillus*, wakaiweka katika tumbaku na viazi, na mimea hiyo ikastahimili bakteria wa uozo laini. Korea Kusini, kundi la Chung-Hak Lee lilitumia bakteria wanaovunja ishara, waliofungiwa ndani ya vifuko, kupunguza utando unaoziba vichujio vya mitambo ya kusafisha majitaka.

Hoja ya wanaoipigia debe njia hii ni kwamba dawa isiyoua haimsukumi bakteria kuwa sugu kama antibiotiki zinavyofanya. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Kuzima ishara kunaweza kuwa na gharama kwa bakteria katika mazingira fulani, na penye gharama usugu huweza kuzuka. Zaidi ya hayo, kuzima ishara si jambo jema kila mara: *Staphylococcus aureus* aliyezimwa mfumo wake hupunguza sumu lakini hugandisha utando kwa urahisi zaidi, na bakteria wa kipindupindu, kama tulivyoona, angebaki katika hali ya mashambulizi. Anayetaka kutibu kwa njia hii lazima ajue anashughulika na bakteria yupi.

Mkulima anahusikaje?

Mnyauko bakteria wa viazi, nyanya na biringanya husababishwa na *Ralstonia solanacearum*, ambaye huingia kwenye mizizi, na wingi wake unapotosha huitikia ishara yake kwa kutengeneza ute mzito unaoziba mirija ya kupandisha maji, mmea ukanyauka ungali wa kijani. Utafiti wa kuivunja ishara hiyo upo, ila haujazaa bidhaa ambayo ningemshauri mkulima wa Njombe au Nyandarua ainunue. Mbegu safi, mzunguko wa mazao na kung'oa mimea iliyougua vinabaki kuwa silaha zake.

Ni vikwazo gani vinavyowasumbua wahandisi?

Kikwazo cha kwanza ni kuingiliana kwa ishara: vipokezi vingi huitikia, ingawa kwa udhaifu, ishara za jirani, hivyo saketi yenye lugha mbili huanza kuchanganyikiwa. Cha pili ni kemia yenyewe, kwani pete ya homoserini laktoni hufunguka katika mazingira ya alkali na ishara hupotea. Tangi ambalo asidi yake haidhibitiwi hutoa matokeo tofauti kila siku.

Cha tatu ni kigumu zaidi, nacho ni mageuko. Saketi yoyote inayomgharimu bakteria humpa faida yule aliyeivunja. Hata porini, katika mapafu ya wagonjwa, *Pseudomonas* aliyepoteza kipokezi chake hupatikana mara nyingi, akila matunda ya vimeng'enya vilivyomwagwa na wenzake bila kuchangia. Ndani ya tangi la kiwanda hali ni ileile, na kadiri tangi linavyokuwa kubwa na vizazi vinavyokuwa vingi ndivyo uwezekano wa kuzaliwa mvunjaji unavyoongezeka.

Sheria zinasemaje kuhusu bakteria waliobadilishwa?

Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa kibayolojia ilifunguliwa kutiwa saini Nairobi mwezi Mei 2000. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009 na mamlaka ya kitaifa inayoisimamia. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Utafiti wa maabara iliyofungwa na kuwaachilia viumbe katika mazingira ni mambo mawili tofauti kisheria, na kila moja lina masharti yake ya kibali. Kibali hutangulia jaribio.

Mwanafunzi mwenye maabara ya kawaida anaweza kuanzia wapi?

Aanze na bakteria wa kupimia aitwaye CV026, wa jenasi *Chromobacterium*. Ameondolewa uwezo wa kutengeneza ishara yake, kwa hiyo hubaki mweupe, lakini akipewa homoserini laktoni yenye mkia mfupi hugeuka zambarau. Mwanafunzi akimchora kwenye sahani ya agari kando ya bakteria aliyemtoa shambani, rangi ikijitokeza atajua kwamba bakteria huyo hutoa ishara ya kundi hilo. Rangi isipojitokeza, asikimbilie kusema kwamba hakuna mawasiliano, kwani ishara zenye mikia mirefu, peptidi na asidi za mafuta haziipandishi rangi hiyo.

Vyuo vingi vinapenda kukigeuza kipimo hiki: ishara huongezwa kwenye agari, kisha tone la dondoo la mmea wa dawa huwekwa katikati, na duara lisilo na rangi huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba mmea huzima mawasiliano. Uangalifu mkubwa unahitajika hapa. Duara lililo wazi, lisilo na bakteria, maana yake dondoo limewaua tu. Duara jeupe lenye bakteria tele ndilo linalostahili kufuatiliwa, na hata hilo halitoshi mpaka dondoo lijaribiwe katika mchuzi kwa viwango ambavyo havipunguzi kasi ya ukuaji, na mpaka ithibitike kwamba halizuii rangi yenyewe kutengenezwa. Sahani zote zifungwe na zichemshwe katika otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo, kabla ya kutupwa, kwa kuwa jamaa wa porini wa bakteria huyu huweza, japo kwa nadra, kumwambukiza binadamu kupitia jeraha.